Mafundo Machache Yanayotosha, na Namna ya Kuyakumbuka

Fundo zuri lina sifa tatu: linashika mzigo, halilegei mzigo ukitikiswa, na linafunguka kwa vidole kazi inapokwisha. Fundo la kubahatisha, lile la kuzungusha kamba na kukaza juu kwa juu mara nne au tano, hukosa sifa ya tatu karibu kila mara, na mara nyingi hukosa hata ya kwanza. Ndiyo maana kisu huwa karibu na mizigo mingi, na kamba nzuri huishia kuwa vipande.

Mafundo yanayojulikana ni mengi mno. Clifford Ashley, mchoraji na mwandishi wa Marekani aliyezaliwa New Bedford, mji wa wavua nyangumi, alichapisha mwaka 1944 kitabu chenye maelezo ya mafundo na mapambo ya kamba zaidi ya 3,800. Anayeanza akitazama idadi hiyo hukata tamaa, au huanza kukariri picha moja baada ya nyingine na kuzisahau kwa mpangilio uleule. Kazi za nyumbani, shambani, baharini na barabarani hazihitaji zaidi ya mafundo saba au manane, na mengi kati ya hayo yana undugu. Yapo katika koo mbili, na kila ukoo una tendo moja la mikono linalorudiwa kwa sura tofauti. Anayeujua undugu huo ana mambo machache sana ya kukumbuka.

Kwanza zitajwe sehemu za kamba. Ncha ni ule mwisho unaoshikwa na kupitishwa huku na huku. Shina ni upande wa pili, unaobeba mzigo au uliokwisha kufungwa. Mkunjo ni kamba iliyopindwa na kurudi sambamba bila kujikata. Kitanzi ni kamba iliyozunguka hadi ikapita juu au chini ya yenyewe. Tofauti ya juu na chini ndiyo roho ya kazi yote: kamba ikipita chini mahali ilipopaswa kupita juu, fundo hugeuka kuwa jingine au huporomoka kabisa.

Ukoo wa kwanza unaanza na kitanzi kisichokaza. Hiki ndicho cha kumfungia mbuzi shingoni, kufunga ndoo ya kisima, kutia mashua kwenye kigingi, na kuteremsha kitu kutoka juu. Kinakaa na ukubwa uleule hata kikivutwa kwa nguvu zote. Mbuzi aliyefungwa kwa kitanzi kinachokaza akijizungushia kamba kwenye kichaka hunyongwa na kamba yenyewe. Aliyefungwa kwa kitanzi kisichokaza husimama akingoja kufunguliwa. Kama mtu atajifunza fundo moja tu maishani, na liwe hili.

Hufungwa hivi. Ncha huelekezwa upande wa mfungaji, shina upande wa mbele. Katikati ya kamba hutengenezwa kitanzi kidogo, sehemu ya upande wa ncha ikilala juu ya sehemu ya upande wa shina. Ncha hupenyezwa ndani ya kitanzi hicho kutoka chini kuja juu, huzungushwa nyuma ya shina, kisha hurudishwa ndani ya kitanzi kilekile kwenda chini. Hapo ncha na mguu wa kitanzi kikubwa hushikwa pamoja kwa mkono mmoja, shina huvutwa kwa mkono mwingine. Walimu wengi hulifundisha kwa kisa cha sungura anayetoka shimoni, anazunguka mti na kurudi shimoni. Kisa hicho kinasaidia, ila kina pengo: hakisemi shimo lichimbwe vipi. Kitanzi kidogo kikitengenezwa kinyume, ncha ikiwa chini ya shina badala ya kuwa juu, sungura atatoka na kuzunguka na kurudi kama kawaida, na fundo litaporomoka mara tu litakapovutwa. Wengi wanaosema wamelisahau fundo hili hawajasahau safari ya sungura, wamesahau shimo.

Ndugu wa kitanzi hicho ni fundo la wavu, linalounganisha kamba mbili. Mkunjo hutengenezwa kwenye kamba nene. Ncha ya kamba nyembamba huingia ndani ya mkunjo kutoka chini, huzunguka nyuma ya miguu yote miwili ya mkunjo, kisha hupita chini ya yenyewe pale ilipoingilia, na hukazwa hapo. Tazama kwa makini: ni umbo lilelile la kitanzi kisichokaza. Tofauti ni kwamba pale mkunjo na ncha inayozunguka ni mali ya kamba moja, na hapa ni kamba mbili. Mikono iliyokwisha kuzoea la kwanza inahitaji dakika chache kulipata la pili. Na kila jicho la wavu wa kuvulia uliofumwa kwa mkono limefungwa kwa umbo hili hili, ndiyo maana mvuvi anayetengeneza nyavu pwani au ziwani amelifunga mara nyingi kuliko mwalimu yeyote wa mafundo, mara nyingine bila kujua kwamba linamfaa pia kwa kuunga kamba ya nanga iliyokatika.

Kamba moja ikiwa nyembamba sana kuliko nyingine, au zote zikiwa telezi, ncha izungushwe nyuma ya mkunjo mara mbili kabla ya kupita chini ya yenyewe. Kuna matumizi mengine ya fundo hili yasiyojulikana sana. Kona ya turubai ikikunjwa hugeuka kuwa mkunjo, na kamba hufungwa hapo bila kutoboa tundu. Turubai la kufunikia mahindi yaliyoanikwa, au la kivuli siku ya msiba au harusi, hudumu muda mrefu zaidi likifungwa hivyo kuliko likitobolewa, kwa kuwa tundu bila pete ya chuma huwa mwanzo wa kupasuka.

Ukoo wa pili unajengwa kwa tendo dogo zaidi: kuizungusha ncha kwenye kitu na kuipitisha chini ya yenyewe. Tendo hilo peke yake ni nusu fundo na halishiki kitu. Yakiwekwa mawili mfululizo, kwa mwelekeo mmoja, kuzunguka nguzo, hupatikana fundo la nguzo. Ncha huzungushwa kwenye nguzo, huvuka juu ya kamba kwa mshazari, huzungushwa tena upande uleule, kisha huchomekwa chini ya ule mshazari. Likikamilika huonekana mizunguko miwili inayolala bega kwa bega na mstari mmoja wa mshazari juu yake. Ni fundo la kuanzia kazi: kufunga fito kwenye nguzo za ukuta wa udongo, kujenga kichanja cha vyombo, kuunga miti ya jukwaa. Halifai kuachwa peke yake kwenye kitu laini kinachozunguka, kama bomba la chuma, kwa sababu litatambaa.

Fundo hilohilo likifungwa kuzunguka shina la kamba yenyewe badala ya nguzo, hupatikana fundo la kufungia ng'ombe au mashua. Kamba huzungushwa kwenye nguzo mara mbili kamili, kisha ncha hufungwa nusu fundo mbili kwenye shina, zote zikizunguka upande mmoja. Ile mizunguko miwili ya mwanzo ndiyo inayobeba nguvu, na hapa pana faida kubwa: ng'ombe akivuta kabla kazi haijamalizika, msuguano wa kamba kwenye nguzo unamshika, na mfungaji anamalizia bila kuburutwa. Ili kulikagua, tazama zile nusu fundo mbili. Zikifanana sawasawa na fundo la nguzo, zimefungwa vizuri. Zikiwa zimegeukiana, moja ilizungushwa kinyume. Kwa nanga huongezwa jambo moja tu: nusu fundo ya kwanza hupitishwa pia chini ya ile mizunguko miwili iliyo kwenye pete ya nanga, ili mawimbi yanapoitikisa kamba usiku kucha fundo lisijifungue.

Mjukuu wa ukoo huu ni fundo la kukaza na kulegeza, ambalo kila nyumba yenye kamba ya kuanikia nguo inalihitaji. Ncha huzunguka nguzo na kurudi. Huzungushwa kwenye shina mara mbili kwa upande wa ndani, kuelekea nguzo, kisha huvuka juu ya mizunguko hiyo na kufungwa nusu fundo moja kwa upande wa nje. Fundo zima huweza kusogezwa kwa mkono kwenye shina, lakini shina likivutwa na uzito wa nguo huuma na kutulia. Kamba iliyolegea kwa mablanketi yaliyolowa hukazwa kwa kulisukuma fundo, bila kufungua chochote.

Kwa mizigo ya baiskeli, pikipiki na lori, wengi hutegemea vipande vya mpira wa tairi. Mpira ni mzuri kwa sababu unavutika, lakini unaficha fundo baya: unaendelea kubana hata fundo linapoteleza taratibu, hadi linapoachia ghafla barabarani. Kamba isiyovutika ikifungwa vizuri ni salama zaidi kwa mzigo mzito. Katikati ya kamba huwekwa kitanzi, kwa kupinda mkunjo na kuupenyeza ndani ya kitanzi kidogo. Mkunjo huo utengenezwe kwa kamba ya upande wa ncha. Ukitengenezwa kwa kamba ya upande wa mzigo, kitanzi kitajikaza chenyewe. Ncha hupita kwenye chuma cha karia au ubavu wa lori, hurudi ndani ya kitanzi, kisha huvutwa kwenda chini. Kwa hesabu, nguvu ya mkono huongezeka hadi mara 3, ingawa msuguano wa kamba kwa kamba hula sehemu kubwa ya faida hiyo. Ikishakaza, kidole gumba hubana pale kamba inapopinda, na nusu fundo mbili humalizia. Zile zile za ng'ombe.

Nje ya koo hizi mbili yapo mafundo mawili yanayostahili kujulikana, moja kwa sababu ya ubora wake na jingine kwa sababu linatumiwa vibaya. La ubora ni fundo la nane. Kamba huchora tarakimu ya nane kabla ncha haijaingia kitanzini. Linazuia ncha isichomoke tunduni, na likifuatishwa na ncha mara ya pili huwa kitanzi wanachokitumia wapanda miamba. Hao ndio waliojifunza kwa gharama kubwa kwamba kulijua fundo hakutoshi. Mwaka 1989 huko Buoux, Ufaransa, mpandaji mashuhuri wa Marekani Lynn Hill aliipitisha kamba kwenye mkanda wake, akaacha kidogo ili avae viatu, na hakurudi kulimalizia fundo. Alipopanda hadi juu na kuiegemea kamba, alianguka zaidi ya mita 20. Mti ulipunguza kishindo, akapona. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alikuwa miongoni mwa mabingwa wa dunia. Ndiyo sababu fundo linaloshika uhai wa mtu hufungwa bila kukatizwa, na hukaguliwa na macho ya mtu wa pili. Makala haya hayatoshi kumfundisha mtu kujitundika kwenye kamba. Kazi hiyo inataka mkufunzi aliye karibu.

Linalotumiwa vibaya ni fundo bapa. Kulia hupita juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Linalala bapa, kwa hiyo linafaa bandeji, kifurushi na kamba ya kiatu. Halifai kuunganisha kamba mbili zitakazobeba mzigo, na Ashley alionya juu ya jambo hilo kwa ukali, akilihusisha na vifo vingi. Anayetaka kuona sababu alifunge kwenye meza, kisha avute ncha moja kwa nguvu kuelekea upande: fundo litageuka na ncha nyingine kuteleza ikatoka. Ndugu yake potofu, lile la kulia juu ya kushoto mara mbili, ni baya zaidi, na watu wengi wanatembea nalo miguuni. Yeyote anaweza kujikagua sasa hivi kwa kutazama viatu vyake. Vitanzi viwili vya kamba vikilala kukingama, kutoka upande mmoja wa mguu hadi mwingine, fundo ni sahihi. Vikigeuka kuelekea vidoleni na kifundoni, ni potofu. Dawa yake ni kugeuza ule mvuko wa kwanza tu na kuacha mengine kama yalivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa namna kamba za viatu zinavyofunguka: kishindo cha mguu hulegeza fundo, na ncha zinazopeperuka kwa kila hatua huzivuta kamba hadi zinaachia. Fundo potofu liliachia mapema kuliko bapa.

Kuyajua ni nusu ya kazi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu, na akaonyesha kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyoachiwa nafasi hushinda marudio ya mfululizo. Fundo halina tofauti. Kulifunga mara hamsini jioni moja humpa mtu furaha ya jioni hiyo. Kulifunga mara chache leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi, humwachia mikono inayokumbuka. Vyama vya skauti, vilivyoanza baada ya kitabu cha mwanzilishi wao, Baden-Powell, cha mwaka 1908, vimewafundisha mafundo vijana wasiohesabika, na udhaifu wao mara nyingi umekuwa huu: fundo hujifunzwa kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukipita halifungwi tena.

Katika kila marudio, mikono ijaribu kwanza bila picha. Anayekwama akae na kukwama huko kwa muda, ajaribu juu, ajaribu chini, alivute fundo aone kama litashika. Kufungua picha mapema kunamfundisha mtu kufuata picha, na siku mzigo utakapoanguka njiani picha haitakuwapo. Likishakubali mezani, lihamishiwe mahali pake pa kazi: kwenye nguzo, kwenye mpini wa ndoo iliyojaa maji, kwenye karia. Kamba iliyolala mezani na kamba inayovutwa na uzito ni vitu viwili tofauti kwa vidole. Hatua ya mwisho ni kulifunga gizani, au mikono ikiwa nyuma ya mgongo. Anayefika hapo amelitoa fundo machoni akalitia vidoleni.

Namna ya kukaa wakati wa kufundishana ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi anayemkabili mwalimu huona mikono iliyogeuzwa: kulia kwake ni kushoto kwa mwalimu, na mbele ni nyuma. Shimo la sungura lililochimbwa kinyume mara nyingi lilianzia hapo. Wakae bega kwa bega. Anayetumia mkono wa kushoto, yeye ndiye akae mkabala na mwalimu na kuiga kama anayejitazama kwenye kioo. Fundo lake litakuwa pacha wa lile la kulia na litashika vilevile.

Kamba ya mazoezi iwe ya mita 2 hivi, unene wa milimita 8 hadi 10, laini lakini isiyoteleza. Uzi mwembamba unaficha umbo, na kamba ngumu mpya inalikataa. Kwa fundo la wavu zitumike kamba mbili za rangi tofauti, ili jicho lione ipi imezunguka ipi. Na kila fundo lijifunzwe pamoja na kazi yake na sura yake likiwa sahihi, kwa kuwa ukaguzi wa macho ndio unaomwokoa aliyesahau hatua moja katikati.

Aina ya kamba hubadilisha tabia ya fundo. Usumba wa makumbi ya nazi, ambao mafundi wa Lamu waliutumia kushonea mashua zilizoitwa mitepe bila msumari hata mmoja, na mkonge, ulioletwa Tanga kutoka Florida mwaka 1893, vyote vina manyoya yanayoumana, kwa hiyo fundo hushika haraka. Lakini vikilowa huvimba na fundo hugoma. Kamba za nailoni na za plastiki ni telezi. Kwa hizo, mizunguko iongezwe na ncha iachwe ndefu, walau mara 10 ya unene wa kamba, na fundo livutwe likae kabla ya kupewa mzigo. Kamba zote, za asili na za kiwandani, hupoteza nguvu penye fundo, kati ya robo na nusu kutegemea fundo lenyewe, kwa hiyo kamba isipangiwe mzigo unaokaribia kikomo chake.

Fundo lililogoma halitaki kisu wala meno. Shina lisukumwe kuingia ndani ya fundo, badala ya ncha kuvutwa nje. Kwenye kitanzi kisichokaza na kwenye fundo la wavu, ule mkunjo unaozunguka shina ukunjwe kwa kidole gumba kuelekea nyuma, nao utalegea wenyewe. Kamba ya mkonge iliyolowa ianikwe kwanza ikauke. Ikishindikana kabisa, na iachwe na fundo lake, kwa sababu kamba iliyokatwa itaungwa kwa fundo, na penye fundo ndipo itakapokatikia.